Paka Asiye na Msimu: Ufafanuzi wa Mzunguko wa Joto la Uzazi kwa Paka Jike na Namna ya Kuukabili katika Mwambao wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mzunguko wa joto la uzazi kwa paka jike ambaye hajafungwa kizazi, pamoja na namna mfugaji wa mjini anavyoweza kuukabili. Hoja kuu ni kwamba miongozo mingi kuhusu suala hili imeandikwa kwa kuzingatia nchi zilizo mbali na ikweta, ambako paka hupata miezi kadhaa ya mapumziko siku zinapokuwa fupi. Katika mwambao wa Afrika Mashariki urefu wa mchana haubadiliki sana. Kwa hiyo paka asiyepandwa huweza kurudi katika joto kila baada ya wiki mbili au tatu, mwaka mzima. Mfugaji anayesubiri msimu upite husubiri kitu kisichokuja. Makala yanaeleza istilahi, hatua za mzunguko, dalili zinazochanganywa na ugonjwa, hatua za muda za kumtuliza paka, hatari za dawa zinazotumiwa bila ushauri, na wakati ufaao wa upasuaji.

1.0 Utangulizi

Paka ni mnyama wa karibu sana katika nyumba za mwambao. Katika vichochoro vya Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar, paka hupita barazani, hulala juu ya kuta na huingia jikoni bila kubisha hodi. Wahenga waliutambua ukaribu huo waliposema, “Paka wa nyumba haingwa,” yaani, aliyezoea nyumba hafukuzwi kama mgeni.

Hata hivyo, zipo nyakati ambapo methali hiyo husahaulika. Paka jike aliyekuwa mtulivu huanza ghafla kulia kwa sauti nzito na ndefu usiku kucha, hujiviringisha sakafuni, hukataa chakula na hukwangua mlango akitaka kutoka. Nje, madume hukusanyika juu ya mabati na kupigana. Kwa mfugaji asiyejua kinachotokea, maelezo mawili hujitokeza haraka: ama paka ameharibika tabia, ama anaumwa. Wa kwanza humpiga au humwagia maji. Wa pili, kwa nia njema, huweza kumpa kidonge cha kutuliza maumivu cha binadamu. Nia hiyo njema ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu paracetamoli ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja huweza kumuua.

Makala haya hayahusu tu namna ya kupata usingizi wakati paka analia. Yanahusu namna ya kusoma hali ya mnyama kwa usahihi ili uamuzi unaochukuliwa usimdhuru yeye, wala usiongeze idadi ya watoto wa paka wanaotupwa sokoni na majalalani.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Ugumu wa kwanza ni wa lugha. Elimu ya tiba ya wanyama katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali mfugaji hueleza hali ya paka wake kwa Kiswahili. Istilahi za Kiswahili zilizozoeleka kuhusu uzazi wa wanyama zimetokana zaidi na ufugaji wa ng’ombe na mbuzi. Mabwana na mabibi mifugo husema ng’ombe “yupo kwenye joto” au “anahitaji dume,” na neno joto limekubalika kwa maana hiyo.

Neno hilo linapohamishiwa kwa paka huleta utata wa aina mbili. Kwanza, joto hueleweka pia kuwa ni hali ya mwili kuwa moto. Mwili wa paka mwenye afya huwa na kati ya nyuzi 38 na 39 za Selsiasi, na kwa hiyo mkono wa binadamu humhisi kuwa ni wa moto hata asipokuwa na homa. Anayeambiwa kwamba paka “ana joto” na kisha akamshika tumboni, anaweza kuamini kwamba ana homa. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia istilahi joto la uzazi.

Pili, neno hilo hubeba mazoea ya ng’ombe. Ng’ombe huwa katika joto kwa saa zisizofika 24, kisha hurudi baada ya takriban siku 21, na yai lake hutoka lenyewe, awe amepandwa au hajapandwa. Mbwa jike naye huwa katika joto takriban mara mbili kwa mwaka na hutokwa na damu. Paka hafuati mfano wowote kati ya hiyo. Joto lake huchukua siku kadhaa, kwa kawaida halina damu, na mayai yake aghalabu hayatoki mpaka apandwe.

Istilahi nyingine ni kufunga kizazi. Katika makala haya inamaanisha upasuaji wa kuondoa ovari, ama peke yake ama pamoja na mji wa mimba. Neno kuhasi linaachwa kwa dume, ambaye huondolewa korodani. Aidha, dume la paka, hasa la mitaani, litaitwa pia shume kama linavyoitwa na Waswahili wa Pwani.

3.0 Mzunguko wa Joto la Uzazi

3.1 Umri wa Kuanza na Hatua za Mzunguko

Paka jike wengi huingia katika joto kwa mara ya kwanza wakiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 9, ingawa wapo wanaoanza wakiwa na miezi 4 tu, na wengine hukaribia mwaka mmoja. Jambo la kuzingatia ni kwamba paka wa miezi 4 au 5 bado huonekana mtoto machoni pa wenye nyumba. Ni kawaida, basi, kwa mimba ya kwanza kuwashangaza watu waliodhani kwamba muda wa kufikiria jambo hilo haujafika.

Mzunguko huanza na hatua ya maandalizi ya siku moja au mbili. Paka hujisugua zaidi kwenye miguu ya watu na samani, huita, na humvutia dume lakini humkatalia. Hatua hii mara nyingi hupita bila kutambuliwa. Hufuata joto lenyewe, ambalo kwa wastani huchukua wiki moja hivi, ingawa linaweza kuwa la siku chache tu au kuendelea kwa zaidi ya wiki mbili. Katika hatua hii homoni ya estrojeni inayotengenezwa na vifuko vya mayai huwa juu, nayo ndiyo chanzo cha kelele na mikao inayoonekana.

Paka asipopandwa, vifuko hivyo husinyaa, estrojeni hushuka na utulivu hurejea. Utulivu huo kwa kawaida hudumu wiki moja au zaidi kidogo, kisha vifuko vipya hukua na joto huanza upya. Kwa jumla, mzunguko mmoja huchukua wiki mbili hadi tatu.

3.2 Utokaji wa Mayai

Tofauti kubwa kati ya paka na ng’ombe imo katika utokaji wa mayai. Uume wa shume una vijimiiba vidogo ambavyo huchochea uke wakati wa kupandana. Msisimko huo hupelekwa na neva hadi kwenye ubongo, tezi ya pituitari hutoa homoni inayochochea mayai kutoka, na mayai hutoka baada ya siku moja au mbili. Mara nyingi tendo moja halitoshi. Hivyo paka hupandwa mara nyingi ndani ya muda mfupi, na huenda akapandwa na madume tofauti. Ndiyo maana watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja.

Maumbile haya yana matokeo mawili kwa mfugaji. Kwanza, paka aliyetoroka kwa usiku mmoja anapaswa kuhesabiwa kuwa huenda ana mimba. Pili, mayai yakitoka lakini mimba isitunge, paka huingia katika mimba bandia, na hurudi katika joto baada ya takriban wiki 5 hadi 7. Mimba halisi huchukua siku 63 hadi 67. Baada ya kuzaa, joto huweza kurudi watoto wanapoachishwa kunyonya, na kwa baadhi ya paka hata kabla ya hapo. Imani kwamba paka anayenyonyesha hawezi kushika mimba haina msingi wa kutegemewa.

3.3 Mwanga na Msimu

Mzunguko wa paka hutawaliwa na urefu wa mchana. Giza likiwa refu, tezi ya pineali iliyo ubongoni hutoa melatonini kwa wingi, na homoni hiyo huzuia mfumo wa uzazi. Mwanga unapoongezeka, melatonini hupungua na ovari huanza kazi. Ni kwa sababu hii paka huitwa mnyama wa mchana mrefu.

London hutoa mfano mzuri wa athari hiyo. Katika mwezi wa Desemba mchana wa huko huwa takriban saa 8. Katika mwezi wa Juni huzidi saa 16. Paka anayeishi kwa kutegemea mwanga wa jua tu katika nchi za aina hiyo hunyamaza kuanzia takriban Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, kisha huanza mzunguko siku zinaporefuka. Mwongozo ulioandikwa huko unaweza kumwambia mfugaji, bila kukosea, kwamba ana miezi kadhaa ya utulivu ya kujipanga.

Hali ya mwambao wetu ni nyingine. Lamu iko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote hapo ni dakika 16 hivi. Dar es Salaam, iliyo karibu na nyuzi 7 kusini, tofauti hiyo haifiki saa moja. Hakuna msimu wa giza refu wa kumpumzisha paka. Tena, taa za umeme nyumbani huongeza saa za mwanga baada ya magharibi, jambo ambalo hata Ulaya huwafanya baadhi ya paka wa ndani waendelee na mzunguko wakati wa baridi.

Hesabu sahili huonyesha uzito wa jambo hili. Tuchukue paka ambaye mzunguko wake ni wa wiki 3 na joto lake huchukua siku 7. Katika mwaka wenye wiki 52 asipopandwa ataingia katika joto takriban mara 17, sawa na siku zinazokaribia 120. Paka huyohuyo akiachwa apandwe, anaweza kuzaa mara 3 kwa mwaka. Na kama kila uzao una watoto 4, hao ni 12. Hesabu hii ni ya kielelezo tu, kwa kuwa paka hutofautiana, lakini inatosha kuonyesha kwa nini kuvumilia si mpango.

4.0 Kutofautisha Joto la Uzazi na Ugonjwa

Dalili za joto la uzazi huwa za aina moja kwa paka wengi. Paka hulia kwa mlio mrefu wenye kupanda na kushuka. Hujiviringisha, hujisugua na hutafuta kushikwa. Akipapaswa mgongoni karibu na mkia, huinamisha kifua hadi sakafuni, huinua makalio, husogeza mkia upande mmoja na hukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma. Mkao huu wa mwisho ndio dalili ya kutegemewa kuliko zote. Wengine hunyunyiza mkojo ukutani au mlangoni ili kuacha harufu inayomwita dume. Hamu ya chakula huweza kupungua kwa siku chache.

Paka aliye katika joto la uzazi, pamoja na kelele zake zote, hubaki mchangamfu. Mgonjwa huwa kinyume: hujificha, hukataa kuguswa, hulala amejikunja na macho huwa hayana uhai. Zipo dalili tatu ambazo mfugaji asizihesabu kuwa ni joto la uzazi hata kidogo. Ya kwanza ni damu au usaha kutoka ukeni, kwa kuwa joto la paka kwa kawaida halina damu. Ya pili ni kuchuchumaa mara kwa mara kwa ajili ya kukojoa huku mkojo ukitoka matone tu au ukiwa na damu, hali inayoashiria ugonjwa wa kibofu. Ya tatu ni kunywa maji kupita kiasi, kutapika na tumbo kuvimba katika wiki zinazofuata baada ya joto, hasa kwa paka mkubwa ambaye hajafungwa kizazi. Hii ni dalili ya usaha katika mji wa mimba, ugonjwa unaoua haraka usipotibiwa. Mojawapo ya dalili hizi ikionekana, daktari wa mifugo aonwe siku hiyohiyo.

5.0 Namna ya Kukabili

5.1 Hatua za Muda Nyumbani

Kazi ya kwanza ni kumzuia paka asitoke na shume asiingie. Nyumba nyingi za mwambao zimejengwa ili hewa ipite: madirisha yana nyavu za mbu, kuta hazifiki darini, na paa la mabati huacha upenyo. Wavu wa mbu wa plastiki hauzuii paka. Huukwangua na kuupasua kwa dakika chache. Wavu wa chuma uliopigiliwa kwenye fremu hufaa zaidi. Iwapo nyumba nzima haiwezi kufungwa, chumba kimoja chenye hewa, maji, chakula na beseni la mchanga hutosha kwa siku hizo. Mfugaji asimfunge kamba shingoni, kwa kuwa paka anayehangaika anaweza kujinyonga.

Pili, beseni la mchanga lisafishwe mara nyingi kuliko kawaida, na mahali aliponyunyiza mkojo paoshwe kwa maji na sabuni, kisha kwa siki iliyochanganywa na maji. Dawa za kusafishia zenye amonia ziepukwe kwa sababu harufu yake hufanana na ya mkojo na humrudisha paka palepale.

Tatu, paka achezeshwe jioni kabla ya kulala, apewe kitambaa cha kulalia mahali patulivu, na taa zizimwe mapema. Wapo wanaotulia wakipapaswa kichwani, na wapo ambao kupapaswa huwachochea zaidi. Mfugaji amsome paka wake. Hatua hizi hazikatishi joto. Hupunguza tu ukali wake hadi lipite.

Kumpiga na kumwagia maji hakufai kwa namna yoyote. Mlio huo hautokani na ukaidi bali na homoni, na adhabu humfanya paka amwogope mwenye nyumba na kutafuta njia ya kutoroka kwa bidii zaidi.

5.2 Dawa na Hatari Zake

Baadhi ya wafugaji hutafuta njia rahisi kwa kumpa paka vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu, au kuomba achomwe sindano ya aina hiyo. Dawa hizi zina homoni zinazofanana na projesteroni. Ni kweli kwamba huweza kuzuia joto, lakini gharama yake huonekana baadaye: matiti kuvimba kupita kiasi, usaha katika mji wa mimba, kisukari, na kuongezeka kwa uwezekano wa uvimbe wa matiti. Dawa za jamii hiyo zilizotengenezwa kwa ajili ya paka, kama megestroli, nazo zina hatari zilezile na hutumiwa kwa kipimo kidogo chini ya usimamizi wa daktari pekee.

Ipo pia njia ya kumchochea paka kwa kijiti cha pamba ili mayai yatoke na joto likatike. Kimsingi njia hii huiga kazi ya dume, na matokeo yake ni mimba bandia inayotoa utulivu wa wiki chache. Mfugaji asiijaribu nyumbani. Inaweza kumjeruhi paka na kumwingizia vijidudu, na projesteroni inayopanda baada ya mayai kutoka ndiyo huandaa mazingira ya usaha katika mji wa mimba.

Katika nchi kadhaa madaktari hutumia vipandikizi vinavyowekwa chini ya ngozi, vikiwemo vya melatonini, ambavyo huuambia mwili wa paka kwamba siku ni fupi, na vya deslorelini, ambavyo hutuliza tezi ya pituitari. Vipandikizi hivi huwafaa zaidi wanaotaka paka azae baadaye. Kwa paka wa kawaida wa nyumbani, havichukui nafasi ya upasuaji.

5.3 Upasuaji na Wakati Wake

Kufunga kizazi ndiyo njia ya kudumu. Ovari zikiondolewa, chanzo cha estrojeni huondoka na dalili za joto hukoma ndani ya siku chache. Faida yake haiishii kwenye ukimya. Paka hawezi tena kupata mimba, na kwa kuondolewa chanzo cha homoni huepushwa na usaha katika mji wa mimba. Kuhusu saratani ya matiti, ambayo kwa paka mara nyingi huwa kali na yenye kuenea, Overley na wenzake walichapisha mwaka 2005 matokeo yanayoonyesha kwamba paka waliofungwa kizazi kabla ya miezi 6 walikuwa na uwezekano mdogo wa kuipata kwa asilimia 91 wakilinganishwa na wasiofungwa. Na kwa waliofungwa kabla ya mwaka mmoja, punguzo lilikuwa asilimia 86. Takwimu hizo zinajibu pia dai linalosikika mara kwa mara kwamba paka lazima azae angalau mara moja ndipo afungwe. Hakuna faida ya kiafya inayojulikana katika kusubiri uzao wa kwanza, na hasara ya kuchelewa inaonekana wazi.

Wakati bora, hivyo basi, ni kabla ya joto la kwanza, yaani paka akiwa na takriban miezi 4 hadi 5. Iwapo joto limekwishaanza, swali ni kama asubiriwe. Wakati wa joto mishipa ya damu ya mji wa mimba huwa imejaa na tishu huwa laini, kwa hiyo madaktari wengi hupendelea kusubiri siku chache. Hata hivyo, upasuaji wakati wa joto unawezekana mikononi mwa daktari mzoefu, na pale ambapo paka hawezi kuzuiliwa asipandwe, kusubiri huweza kuwa hatari kuliko kutosubiri.

Ni hapa ambapo tofauti ya msimu hupata uzito wake wa kiutendaji. Ushauri wa kusubiri joto liishe, ukisikika Pwani, hauna budi kuambatana na tarehe. Kipindi cha utulivu kati ya joto moja na jingine ni cha wiki moja hivi tu. Mfugaji anayesema atampeleka paka mambo yakitulia, hukuta wiki hiyo imekwisha na mlio umeanza tena. Njia ya kufaa ni kuandika siku ya kwanza na ya mwisho ya joto, na kumpigia daktari simu joto likiwa bado linaendelea ili miadi iwekwe ndani ya wiki ya utulivu. Paka aliyezaa hupangiwa upasuaji watoto wanapoachishwa kunyonya, takriban wiki ya 8, huku akitengwa na madume muda wote huo.

Siku ya upasuaji, maagizo ya daktari kuhusu kufunga chakula yafuatwe, hasa kwa paka mdogo ambaye hapaswi kukaa na njaa muda mrefu. Baadaye paka awekwe ndani, azuiwe kuruka na kulamba mshono, na kidonda kichunguzwe kila siku kwa siku 10 hadi 14. Ziara hiyo ni fursa ya kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka huweza kuupata na kumwambukiza binadamu. Kwa kuwa mahitaji yake ya chakula hupungua baada ya kufungwa kizazi, kiasi cha chakula kipunguzwe kidogo ili asinenepe. Dalili za joto zikirudi miezi au miaka baadaye, daktari aarifiwe, kwani huenda kipande cha ovari kilibaki.

6.0 Mitazamo ya Jamii

Kufunga kizazi cha paka si suala la kitabibu pekee. Katika jamii za Kiislamu za mwambao, ambako madhehebu ya Shafii yana wafuasi wengi, paka si najisi na mabaki ya maji aliyokunywa ni tohara. Heshima hiyo ndiyo iliyomfungulia milango ya nyumba. Wakati huohuo, wanazuoni wametofautiana kuhusu kumwondolea mnyama uwezo wa kuzaa: wapo wanaokataza, na wapo, hasa wa zama hizi, wanaoruhusu pale panapokuwa na haja na mnyama asipodhurika. Makala haya hayatoi hukumu katika hilo. Yanachoweza kufanya ni kumpa mwenye kuuliza picha sahihi ya hali, ili anayemjibu ajue kwamba kinachozungumzwa si kero ya msimu mmoja, bali ni mzunguko usio na kikomo unaozaa watoto wengi kuliko nyumba za kuwapokea.

Kuna pia suala la gharama. Kwa kaya nyingi ada ya upasuaji ni kubwa kwa mnyama ambaye hakununuliwa. Ni vyema, hata hivyo, ada hiyo ilipwayo mara moja ilinganishwe na chakula cha watoto 12 kwa mwaka, au na matibabu ya shume aliyejeruhiwa katika mapigano. Majeraha ya kuumana ndiyo njia kuu ya kueneza virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili wa paka. Kwa paka wa mitaani, utaratibu unaotumika mahali pengi duniani ni kuwakamata, kuwafunga kizazi, kuwachanja na kuwarudisha walikotoka wakiwa wamekatwa ncha ya sikio kama alama. Utaratibu huo huleta matokeo pale tu unapowafikia wengi na kuendelezwa bila kukatizwa. Na katika eneo lisilo na msimu wa mapumziko, kusitisha kwa miezi michache huweza kuifanya idadi ianze kupanda tena.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mlio wa paka jike usiku si ukaidi wala si ugonjwa, bali ni dalili ya mzunguko unaoongozwa na mwanga. Yameonyesha pia kwamba mwanga wa mwambao wa Afrika Mashariki haumpi paka muda wa kupumzika, na kwamba ushauri unaotegemea majira ya nchi za mbali unapaswa kupimwa upya kabla ya kufuatwa hapa. Hatua za nyumbani ni za kuvusha wiki moja ngumu. Dawa za homoni zinazotolewa bila daktari ni hatari, na za maumivu za binadamu huua. Upasuaji unaofanywa kabla ya joto la kwanza, au katika wiki ya utulivu iliyopangiwa tarehe mapema, ndio unaomaliza tatizo.

Inapendekezwa kwamba wataalamu wa mifugo na wa Kiswahili washirikiane kuandaa miongozo mifupi ya ufugaji wa paka kwa istilahi zinazoeleweka nyumbani, ikizingatia saa za mchana za mahali husika. Mfugaji akielezwa kwa lugha yake kwamba wiki ya ukimya ndiyo nafasi aliyonayo, ataitumia. Na paka wa nyumba hatakuwa na sababu ya kufukuzwa.